Mjumbe wa baraza la ndoa: nitamuulizaje mke kuhusu kipigo kabla hatujamkalisha na mumewe?

mjumbe_kata

Habari zenu wakuu.

Nimeteuliwa karibuni kuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa kwenye kata yetu, huku Tanzania Bara. Kuna shauri limepangwa wiki ijayo na moyo wangu hautulii.

Mama mmoja, makamo ya mdogo wangu wa kike, ameleta malalamiko kwamba ndoa imemshinda. Siku ya kwanza walifika wote wawili. Kila akiulizwa jambo anamtazama mume kwanza, na mume ndiye anayejibu: "Ana hasira tu huyu, tumeshayamaliza." Alipoinama kusaini daftari mtandio ukamteleza, akauwahi kuurudisha shingoni. Nilikuwa nimekaa upande ule, nikaona alama. Mwenyekiti akasema warudi, wakae pamoja, kila mmoja atoe ya moyoni tuwapatanishe.

Ya moyoni atayatoaje wakati anayemwogopa yuko naye benchi moja, na jioni wanarudi nyumba moja? Naomba kujua: sheria inaturuhusu kumhoji peke yake? Nimuulize nini? Na nikifanya hivyo mume hatasema nimechukua upande?

Karani mstaafu

Mjumbe, hongera kwa kuliona hilo.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 104, inalitaka baraza limpe kila upande nafasi ya kusikilizwa, na inaliruhusu kusikiliza watu wengine na kufanya uchunguzi kadiri litakavyoona inafaa. Hakuna palipoandikwa kwamba lazima wakae chumba kimoja kwa wakati mmoja. Mazoea tu hayo. Mwenyekiti akikataa, msomee kifungu hicho mbele ya wajumbe wenzako.

Jingine: kazi ya baraza si kupatanisha kwa gharama yoyote. Mkishindwa, mnatoa cheti chenye matokeo ya mlichokiona, na mnaweza kuambatanisha mapendekezo kuhusu matunzo, mali na watoto. Chini ya kifungu cha 101 mama huyu hawezi kufungua shauri la talaka bila cheti hicho, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kwa hiyo baraza linalomzungusha na "rudini mkajaribu tena" linamfungia mlango wa mahakama. Na cheti kikitoka asikiweke kabatini, kwani shauri linatakiwa lifunguliwe ndani ya miezi 6.

Mzee Kitambo

Mimi nimesuluhisha ndoa nyingi ukoo mzima. Ukiwatenga mtu na mkewe unapandikiza maneno. Kila mmoja atasema lake na mtashindwa kujua ukweli. Wakae pamoja, waambizane usoni.

Mama Neema2

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, ila mimi nilikaa kwenye benchi hilo. Niliulizwa mbele yake, "Je, mumeo anakupiga?" Nikasema hapana, hajawahi. Wazee wakafurahi, wakatushikisha mikono. Usiku ule nililipia hata kule kupeleka malalamiko. Angekuwepo mtu wa kuniuliza faragha, ningesema yote, maana nilikuwa natamani kuulizwa.

Mjumbe, na ile barua ya wito msimkabidhi mke ampelekee mume! Mimi nilipewa niibebe mwenyewe. Mpeni mtendaji au mjumbe wa shina.

ustawi_mkoani

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mambo haya ni kazi yangu ya kila siku. Mama Neema pole sana, na suala la barua umelisema vizuri.

Mjumbe, fanya hivi. Kikao cha pamoja kisiwepo kwanza. Ita kila mmoja siku yake, na uwaeleze wote kwamba ndiyo taratibu kwa kila shauri linaloingia barazani. Iwe taratibu kweli, msiifanye kwa wanaotiliwa shaka tu. Hapo hakuna atakayedai umechukua upande, na maswali ni yaleyale kwa mke na mume.

Usianze na "unanyanyaswa?" Wengi watakataa, hata aliyevunjwa mkono. Anza mbali: mkigombana nyumbani huwa inakuwaje? Anayeshika simu yako ni nani? Ukitaka kwenda kwa mama yako unafanyaje? Watoto wakisikia kelele huwa wanakwenda wapi? Akishazoea, ingia ndani: kuna siku ulihofia maisha yako? Amewahi kukutishia kukuua, au kujiua? Ana panga au silaha analokuonyesha? Vipigo vimeongezeka siku hizi? Amewahi kukukaba koo?

Swali la koo usiliruke. Uliona alama shingoni, na hilo peke yake linatosha kusimamisha mpango wa kuwakutanisha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko kwenye hatari kubwa mara kadhaa ya kuja kuuawa na mwenzi huyohuyo. Kukabwa kunaweza kuumiza ndani bila jeraha la nje, kwa hiyo apimwe hospitali hata akisema amepona.

Na wakati wa hatari zaidi huwa ni pale mwanamke anapoanza kuondoka. Kuja kwenu ni mwanzo wa kuondoka. Kwa hiyo kabla hajatoka muulize, leo unalala wapi?

Anayoyasema faragha yasiingie kwenye daftari ambalo mume atasaini. Mkiamua kutokutanisha, mume aambiwe "baraza limeona hivi", kamwe asisikie "mkeo ametuambia". Mwelekeze mama Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na kama hospitali yenu ya wilaya au mkoa ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, hapo atapata daktari, polisi na ustawi sehemu moja. Watoto wakiwa hatarini tupigieni sisi ustawi, hilo halingojei ridhaa yake.

Kijana wa Geita

Naongezea: na mume aulizwe kwa dhati. Kaka yangu alikuwa anapigwa na kumwagiwa maji ya moto, hakuna baraza lililomuuliza.

Karani mstaafu

Kweli kabisa. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mwenzi, mke na mume. Na Mzee Kitambo, ukweli hupatikana kwa yule asiye na hofu. Wakishahojiwa kila mmoja peke yake na ikaonekana hakuna hofu, wakutanishwe, hapo busara yako inahitajika sana.

Mzee Kitambo

Hiyo ya barua nimeielewa. Na huyo wa shingo, asiletwe kwenye kikao.

mjumbe_kata

Nawashukuru sana. Nimeongea na mwenyekiti leo, nikamsomea 104. Amekubali mama aje peke yake, ahojiwe na mimi pamoja na mjumbe mwanamke, kwenye chumba cha zahanati ili aonekane amekwenda kutibiwa. Mume tutamwita siku nyingine.

Dada ustawi, nina swali moja. Akikataa? Akisema alama ile ni ya mzigo wa kuni?

ustawi_mkoani

Usimbishie na usimlazimishe. Mwambie umemsikia, na kwamba siku yoyote akitaka kusema jambo jingine mlango uko wazi. Mtajie dawati na hospitali kwa mdomo, usimpe karatasi ya kukutwa nayo. Kisha endeleeni kuwahoji mmoja mmoja, msiwakutanishe kwa sababu tu amekataa, na kila akija umuulize tena. Wengine husema mara ya tatu. Siku ya kutoa cheti yeye atoke kwanza afike mbali, ndipo mume aachiwe aondoke.