Skrubu ya mkanda wa gita la besi inazunguka tu haikazi, naombeni msaada kabla ya Jumapili

Besi ya Chini: Wakuu habari za usiku. Nina gita la besi nyuzi nne, ile skrubu inayoshika kifungo cha kuvalishia mkanda imelegea, ukikaza inazunguka tu, ukivuta kwa vidole inakuja yenyewe. Leo Alhamisi, Jumapili natakiwa nipige. Nimeshanunua skrubu nyingine ya inchi mbili, zile za bawaba za mlango. Swali langu dogo tu, niizamishe hiyo au nitoboe mpaka upande wa pili nipitishe bolti na nati? Msinitume duka la vyombo vya muziki, hela hiyo sina.

Mzee wa Ridhimu: Pole mdogo wangu. Sisi miaka ya 80 tulikuwa na besi imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na watu walicheza mpaka alfajiri, hakuna aliyeuliza skrubu. Jumamosi ukitoka kazini unaamua leo dansi la bendi ya Msondo au ya Sikinde, nauli ya kwenda ipo, ya kurudi Mungu anajua. Siku hizi muziki wote uko kwenye laptopu.

FundiKabati: Mkuu, hiyo ya inchi mbili irudishe. Ubovu hauko kwenye skrubu, ni tundu limekula, meno hayana pa kuuma. Ndefu hivyo ikiingia kwenye ile pembe ya gita, iliyochomoza pembeni mwa shingo, itapasua mbao. Chukua njiti za kiberiti, kata vichwa vya baruti, paka gundi nyeupe ya mbao, shindilia tunduni mpaka zisiingie tena, kata zinazozidi. Acha siku nzima. Kesho yake toboa katundu kembamba kuliko skrubu, sugua meno ya skrubu kwenye kipande cha sabuni, rudisha ile ile ya zamani, kaza kwa mkono. Ila niambie, ni kifungo cha pembeni mwa shingo au cha kule mwisho? Na ilitokaje?

Besi ya Chini: Cha mwisho. Ilitoka tu yenyewe. Asante fundi ila kweli njiti za kiberiti zibebe kilo nne? Mimi naona bolti ndiyo uhakika.

Mdachi wa Temeke: Nipo Rotterdam huku. Fender walitoa besi yao ya kwanza 1951 na mpaka leo vifungo vinashikwa na skrubu kwenye mbao tupu, hakuna bolti. Mimi natumia vile vimpira vyekundu vya chupa za bia ya Grolsch, unavalisha juu ya mkanda, hauchomoki ng'o.

FundiKabati: Mdachi, vimpira vinazuia mkanda kutoka kwenye kifungo. Huyu kifungo chenyewe ndicho kinatoka.

Mdachi wa Temeke: Sawa, lakini bia yenyewe nzuri.

Mama Wawili: Kwani lazima asimame? Apige amekaa. Mume wangu alipiga kinanda miaka tisa amekaa na hakuna kilichodondoka isipokuwa ndoa.

Kiherehere: Swali moja. Gita la nani?

Besi ya Chini: Linahusiana nini na skrubu?

Kiherehere: Linahusiana. Lingekuwa lako ungeshalitoboa. Mtu hafungui uzi saa tano usiku kwa ajili ya gita lake.

FundiKabati: Na mimi nauliza, ulishaweka kitu humo tunduni kabla hujaja hapa? Sema ukweli.

Besi ya Chini: Haya. Gita ni la kwaya. Funguo za chumba cha vyombo nakaa nazo mimi kwa sababu ndiye ninayepiga, sasa kuna sehemu huwa naitwa kupiga usiku wa wikiendi, nalipwa elfu ishirini, nalichukua na kulirudisha, miezi minne sasa na halijawahi kupata hata mkwaruzo, Jumamosi iliyopita katikati ya wimbo likachomoka, pembe ikagonga kona ya spika, na nikaweka supagluu kidogo kwenye kifungo cha pembe ili niwahi kulirudisha. Siyo wizi, kila mtu kwaya anajua naishi kwa muziki.

Mtumishi: Chombo kimewekwa wakfu kwa sifa, wewe unakipeleka baa. Ndiyo maana kilidondoka. Ungama kwanza, skrubu baadaye.

Mama Wawili: Mtumishi, kwaya inamlipa shilingi ngapi?

Kiherehere: Kimya kimetanda.

Mpelelezi Mstaafu: Jamani mnakunywa chai, hii hadithi ya kutunga. Mwanzo alisema kifungo cha mwisho, sasa kimehamia kwenye pembe. Halafu gita lidondoke katikati ya wimbo na hakuna aliyerekodi kwa simu? Huyu mwaka jana alifungua uzi anauliza kinanda cha kujifunzia, akasema hajui kupiga chochote. Uzi hauna picha. Chai ya rangi hii, haina hata tangawizi.

Mzee wa Ridhimu: Nilishangaa, mpiga besi hawezi kuogopa bolti.

Besi ya Chini: Kinanda nilimuulizia dada yangu! Kifungo cha mwisho ndicho kilichochomoka, gita likaning'inia kwa kile cha pembe, likagonga spika, cha pembe nacho kikalegea. Ni vyote viwili. Picha siweki, gita lina maandishi ya kwaya kwa rangi nyeupe, mnataka nifukuzwe?

Mpelelezi Mstaafu: Kila ukiulizwa kinaongezeka kitu. Mwisho utasema shingo nayo imevunjika.

FundiKabati: Chai au siyo chai, supagluu ni supagluu, na kuna mwingine atausoma uzi huu ana shida hiyo hiyo. Cha mwisho kipige njiti kama nilivyosema, usiku huu, ili Jumamosi kiwe kimekauka. Cha pembe usikilazimishe, utakata kichwa cha skrubu. Azima chuma cha solda kwa fundi redio, gusisha kwenye kichwa cha skrubu dakika moja au mbili, supagluu inalainika kwa moto, kisha zungusha polepole. Usiguse rangi ya gita. Ikitoka kwangua gundi yote, ndipo upige njiti. Na bolti sahau, ukitoboa upande wa pili hakuna wa kumdanganya tena.

Mtumishi: Kwa hiyo tunamfundisha kuficha.

FundiKabati: Namfundisha useremala.

*Jumamosi, saa moja usiku*

Besi ya Chini: Wakuu zote zimekaza. Nimelivaa nusu saa nzima, halijacheza.

Mpelelezi Mstaafu: Picha?

FundiKabati: Kwenye pembe njiti ngapi zimeingia?

Besi ya Chini: Saba na nusu.

FundiKabati: Nusu?

Besi ya Chini: Ya nane imekatikia ndani, ina kichwa chake cha baruti.

FundiKabati: Iache humo humo.