Wauza gesi mnaopima uvujaji kwa kiberiti, mnachezea roho za watu!

Wakuu, nina hasira na leo sitafuti maneno laini.

Jana jioni wakala mmoja wa gesi hapa Tabata kamtuma kijana wa bodaboda apeleke mtungi wa kilo 15 kwa dada yangu. Mtungi umefika umelazwa kwenye siti kama gunia la mkaa. Kijana kafunga kichwa cha gesi (regulator) kwenye mtungi, kasikia harufu, kachomoa kiberiti mfukoni, kakiwasha na kuanza kukizungusha shingoni mwa mtungi "aone kama inavuja". Jikoni kuna dirisha moja tu, na mtoto wa miaka mitatu kasimama mlangoni! Dada kapiga kelele, anajibiwa, "Sista usiogope, ndivyo tunavyopima kila siku." Nikampigia wakala mwenyewe. Naye ananiambia hajawahi kupata ajali.

Kila siku! Kwenye nyumba ngapi?

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatokea dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa chini ya kabati, na kwa wanaoishi chumba kimoja inajaa uvunguni mwa kitanda. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya pale, cheche ya swichi ya taa inatosha kuilipua. Halafu mtu anakuja na moto mkononi! Kipimo ni sabuni ya vyombo na maji kidogo: paka kwenye koki, kwenye kichwa, na ncha zote mbili za mpira. Mapovu yakivimba, panavuja. Muuza gesi gani anashindwa kununua sabuni?

Na hili la kulaza mitungi nalo likome. Mle ndani gesi ni kimiminika, mvuke uko juu, na mvuke ndio unaotakiwa kwenda kwenye jiko. Ukiulaza mtungi, kimiminika kinafika kwenye valvu, na kikipata upenyo kikatoka kinapanuka zaidi ya mara 200. Mtungi unasafirishwa umesimama, umefungwa vizuri. Anayesema bodaboda haiwezi, abebe kwa bajaji.

Kijana simlaumu sana, hakuna aliyemfundisha. Hasira yangu ni kwa wakala aliyemkabidhi mitungi bila hata nusu saa ya maelekezo, na kwa kampuni zinazopaka rangi zao kwenye maduka haya kisha haziji kuona kinachofanyika. Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034, asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Mimi naunga mkono kwa moyo wote, mama yangu macho yameharibika kwa moshi wa kuni. Lakini huwezi kuingiza gesi kila nyumba wakati anayeifikisha mlangoni hajui kwamba kiberiti na gesi inayovuja havikai pamoja. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanawataka wauzaji wawe na mizani ya kupimia mitungi dukani, na ni jambo zuri. Basi wawatake pia wawe na mfungaji aliyefundishwa, na asiyenaye asipewe leseni.

Wenye nyumba nanyi msione haya. Akitoa kiberiti, mtoe nje, awe kijana wa jirani au nani. Ukinusa harufu, funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala usizime taa, toa watoto nje, na ukiwa huko nje ndipo upige 114 Zimamoto.

Mtungi tumeurudisha leo asubuhi. Raba ya ndani ya valvu ilikuwa imepasuka, nimeiona kwa macho yangu. Wakala hajaomba radhi, anadai dada alipe nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi. Hatulipi hata senti, na hela ya gesi tunaitaka yote.