PS Plus (usajili wa kulipia wa PlayStation): inafaa kulipia au ni hasara?

Kondele_Pedi: Wadau, habari zenu. Hapa Kisumu tuna PS4 moja (mashine ya michezo ya PlayStation), vijana wawili, kila mmoja na akaunti yake. Wanacheza FC (ule mchezo wa soka wa EA) na Fortnite. Lazima nilipie PS Plus mara mbili?

NakuruGemu: Moja yatosha, ndugu. Ingia na akaunti iliyolipiwa, fungua mipangilio ya akaunti, uifanye mashine hiyo kuwa PS4 kuu ya akaunti hiyo. Mwenzake atacheza mtandaoni bila kulipa. Fortnite haidai PS Plus hata kidogo, wala eFootball, ule mchezo mwingine wa soka. FC ndiyo inayodai, tena kwa mechi za mtandaoni tu. Wakikaa sebuleni na pedi mbili, hulipi kitu.

Milimani254: Angalia vocha ya kulipia PS Plus kabla ya kununua! Vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na nchi ya akaunti haibadilishwi baada ya kufunguliwa. Kama umeunganisha kadi ya benki, zima kujilipia upya mapema. Na ile michezo ya kila mwezi inayokuja na PS Plus si yako moja kwa moja: usajili ukiisha inafungwa, ukilipia tena inafunguka.

NakuruGemu: Kweli. Kwa hiyo kama ni Fortnite tu, usilipe. Kama FC ya mtandaoni inachezwa kila wiki, lipa, lakini anza na mwezi mmoja. Tumia kebo ya LAN (waya wa intaneti), maana Wi-Fi ikiyumba mechi inakwamakwama, na PS Plus haiongezi kasi ya intaneti.