Acheni kumtajia fundi anayeanza randa tano!

Wakuu, hili linakera na lazima lisemwe. Mtu anaanza useremala, anauliza anunue randa gani, anatajiwa tano kwa mpigo. Hela yote inaishia kwenye vyuma, ya jiwe la kunolea haibaki. Muda si mrefu kisu ni butu, randa inararua mbao, halafu anaambiwa hana mkono wa kazi. Huu ni uonevu!

Anayeanza anahitaji jeki tu, yaani randa ya ukubwa wa kati, namba 5, urefu wa takribani milimita 355. Namba 4 inamalizia vizuri, lakini ina milimita 245 hivi. Kwenye ubao mrefu inazama mabondeni na kupanda vilimani, ubao unabaki na mawimbi yake. Namba 7, ile ndefu zaidi, isubiri siku atakayounganisha mbao za meza. Jeki ampe visu viwili: kimoja makali yake yachongwe kwa mviringo kidogo, cha kupunguza ubao uliotoka kwenye msumeno, kingine makali yanyooke, pembe tu ziondolewe kidogo zisiache mistari.

Kinachochoma zaidi ni randa mpya za bei rahisi zinazouzwa eti ziko tayari kwa kazi. Tayari wapi? Kagua kabla hujalipa. Weka rula ya chuma kwenye uso wa chini, tazama kuelekea mwangani. Ncha ya mbele, ukingo wa mbele wa mdomo (tundu kisu kinapotokea) na ncha ya nyuma vyote viguse rula. Bonde dogo kwingine halina neno, ila likiwa hapo mbele ya mdomo hakuna kinachozikandamiza nyuzi, zitanyofoka. Toa kisu, tikisa kikalio chake, kile kipande ambacho kisu hulalia: kikicheza, iache randa hiyo dukani, maana itatetemeka na kuacha makovu ubao mzima. Kisha bana kisu na chuma cha juu, kile kinachofungwa juu ya kisu, tazama ukingo vinapokutana. Mwanga ukipenya, maranda yatajikaba humo. Hili angalau linatibika kwa kukinoa chuma cha juu mpaka kilale sawasawa.

Hata randa nzuri hainyooshi kitu kabla ya kunolewa, na wauzaji hawasemi! Sugua mgongo wa kisu, milimita chache tu karibu na makali, mpaka ung'ae. Noa kwa digrii 25, malizia kwa 30, hadi kidole kihisi ukwaru wa chuma kwa urefu wote wa makali upande wa pili, kisha uondoe. Chuma cha juu kikae milimita 1.5 nyuma ya makali kwa kazi nzito, chini ya nusu milimita kwa kumalizia.

Nanyi mnaoshauri, mtu akiuliza randa, mwulizeni kwanza: kinoo unacho? Kama hana, ahesabu bei ya kinoo ndani ya bei ya randa.