Klasi yangu ya Mfunga Upepo (D&D toleo la 5) inameza wenzake mezani, nipunguze wapi?

Ngamani:
Wakuu, heshima zenu. Natunga klasi ya Dungeons & Dragons toleo la 5, kanuni za 2014 (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu; klasi ni aina ya mhusika). Mazingira ni visiwa vya kubuni: dhahabu, nguo, majahazi, kaskazi na kusi. Leveli 1 hadi 5 ziko hivi:

Dadu ya uhai d10 (dadu ya pande 10; 2d6 ni dadu mbili za pande 6). Kujinusuru (kutupa dadu kukwepa balaa): Wepesi, Ukakamavu na Busara. Kinga bila deraya (namba ambayo adui lazima aifikie ili ampate) ni 10 + Wepesi + Haiba. Anashambulia kwa Haiba. Ana pointi za Pumzi sawa na leveli + Haiba, zote zinarudi kwa mapumziko mafupi. Kila akimpata adui kwa silaha anaweza kulipa Pumzi 1: anaongeza d8 ya madhara na kumsukuma futi 15. Leveli ya 5 anapiga mara mbili. Uchawi unapanda kama wa mchawi kamili.

Shida ni kwamba kwenye majaribio ya leveli 5 mpiganaji wa upanga anakosa kazi, na mapigano ya chomboni hayafiki raundi ya 3. Nishushe madhara au uhai? Na nikimaliza, naruhusiwa kuiuza mtandaoni? Natanguliza shukrani.

DaduSita:
Mkuu, uhai uache kwanza. Piga hesabu dhidi ya adui mwenye kinga 15. Leveli ya 5, mwenye sifa ya +4 na umahiri +3 anampata akitupa 8 au zaidi kwenye d20, yaani asilimia 65. Mpiganaji wa upanga wa mikono miwili: 2d6+4 ni wastani wa 11, mara mbili 22, ukizidisha kwa 0.65 unapata 14.3 kwa raundi. Wako akishika kitara: d6+4 ni 7.5, ongeza 4.5 ya Pumzi iwe 12, mara mbili 24, unapata 15.6. Tofauti ni pointi moja na kidogo. Kwa hiyo madhara siyo yanayomfukuza mwenzake mezani.

Kinachomfukuza ni kwamba mpiganaji anauza bidhaa moja, na wako anaiuza hiyohiyo kwa bei ileile, akiwa na duka zima la mchawi nyuma yake. Leveli ya 5 mchawi kamili anafungua uchawi wa daraja la 3. Mpira wa moto peke yake ni 8d6, wastani 28, kwa kila aliyemo ndani ya duara. Toa uchawi wote. Ukiung'ang'ania sana, mpe nusu kama paladini: leveli ya 5 nafasi 4 za daraja la 1 na 2 za daraja la 2, na daraja la 3 lisubiri leveli ya 9. Mimi ningetoa.

Halafu Pumzi. Leveli ya 5 na Haiba +4 ni pointi 9. Kwa asilimia 65 na mapigo mawili, anatumia wastani wa 1.3 kwa raundi, kwa hiyo 9 zinamtosha raundi karibu 7. Pigano la kawaida ni raundi 3 au 4. Pointi zisizoisha si gharama, ni pambo tu kwenye karatasi. Mtawa wa leveli hiyo ana pointi 5 kwa kila mapumziko mafupi, na mpiganaji wa mbinu (Battle Master) ana dadu 4 za mbinu. Weka Pumzi sawa na leveli, basi.

Kujinusuru: klasi zote za 2014 zina mbili, moja nzito (Wepesi, Ukakamavu au Busara) na moja nyepesi (Nguvu, Akili au Haiba). Wewe umempa nzito zote tatu.

bi_kikoi:
Nakubaliana na DaduSita kuhusu uchawi, ila msukumo kaupita haraka mno, na ndio unaomaliza mapigano chomboni. Chukua ramani ya jahazi la futi 50 kutoka tezi hadi omo na futi 15 ubavu kwa ubavu, yaani miraba 10 kwa 3 ya futi 5. Msukumo wa futi 15 ni upana mzima wa chombo. Kila pigo linamtupa mtu baharini, bila hata kujinusuru, na aliyevaa deraya nzito ndiye kesho hatuko naye.

Nchi kavu nako kuna balaa lake. Adui mwenye mwendo wa futi 30 akisukumwa mara mbili amerudishwa futi 30. Mwendo wake wote unaishia kurudi alipokuwa, na mfunga upepo akirudi nyuma hatua mbili adui hampigi kamwe. Hapo msimulizi (anayeendesha mchezo) analazimika kuleta wapiga mishale kila siku, na wachezaji wataligundua.

Iandike upya, kila neno likitaja lini, nani, mbali kiasi gani na mara ngapi:

*Kumbo (leveli ya 2). Mara moja katika zamu yako, ukimpata kwa silaha kiumbe asiyezidi ukubwa wa farasi, unaweza kutumia Pumzi 1. Anapata d6 zaidi ya madhara, na anajinusuru kwa Nguvu dhidi ya 8 + umahiri wako + Busara yako. Akishindwa, anasukumwa futi 10 kwa mstari kutoka ulipo.*

Hapo umahiri +3 na Busara +3 vinatoa 14. Adui mwenye Nguvu +3 anahitaji 11, nusu kwa nusu. Shambulio lihamie Wepesi, maana sifa moja ikilipia pigo, kinga na pointi, mchezaji hana cha kuchagua. Na chomboni ongeza kanuni moja: anayevuka ubavu anatupa Wepesi dhidi ya 10, akifaulu ananing'inia, na kupanda kunamla nusu ya mwendo wake.

Sarahangi:
Nyie mmeshika namba, mimi nishike bahari. Kaskazi na kusi zisiwe rangi ya hadithi tu, ziwe kalenda. Kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi hivi inashusha vyombo kutoka Arabuni. Kusi kuanzia Aprili hadi Septemba inavirudisha. Katikati kuna tangambili, upepo hauna msimamo. Kwenye ramani ya miraba: kufuata upepo, mraba mmoja kwa siku; upepo wa ubavu, siku mbili; kuukabili, hakuna safari. Wakati wa tangambili tupa d6 kila alfajiri: 1 au 2 chombo hakisogei.

Tazama Kilwa. Ilikaa karibu na mwisho wa kusini wa safari ambayo chombo kingeweza kwenda na kurudi ndani ya mwaka mmoja, na dhahabu ya Sofala ikapitia kwake. Msafiri Ibn Battuta aliikuta mwaka 1331 mji mkubwa. Nawe weka bandari moja mahali hapo pa ukingo, na atakayechelewa kuondoka amekwama miezi mizima: madeni, fitina, ndoa, mirathi. Vituko vya nusu mwaka vinajitunga vyenyewe. Lakini tahadhari: Mfunga Upepo akiweza kugeuza upepo wa tanga, kalenda yote imekufa. Andika wazi kuwa upepo wake hauvuki futi 60 wala dakika 1.

Na mitepe, vyombo vya kale vya pwani, uipe nafasi. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari. Uchawi wa kuchemsha chuma haupati cha kushika humo.

DaduSita:
Swali la kuuza: hati rasmi ya kanuni za msingi za mchezo, SRD 5.1, iko chini ya leseni huria ya CC-BY-4.0 (Creative Commons) tangu Januari 2023. Unaweza kuuza, mradi uweke maelezo ya utambulisho yaliyomo kwenye hati hiyo. Kisichomo humo usikinakili.

Ngamani:
Asanteni sana. Nimebadilisha: uchawi nimetoa, Pumzi ni leveli, Kumbo kama alivyoandika bi_kikoi, kujinusuru ni Wepesi na Haiba. Kinga sasa ni 10 + Wepesi + Busara. Pumzi zinaanza leveli ya 1 ili mchezaji asiboreke.

bi_kikoi:
Zianze leveli ya 2, kaka, na uandike "leveli ya Mfunga Upepo", siyo leveli ya mhusika. Ukiacha hivyo, mwizi wa leveli ya 9 atachukua leveli moja tu ya klasi yako na kupata Pumzi 10 kila mapumziko mafupi. Leveli ya 1 mpe kitu kisicho na pointi: kwa kitendo cha kujibu, anapunguza madhara ya anguko la mwenzake aliye ndani ya futi 30 kwa 5 mara leveli yake.