Mnaotaka Tanzania iwe na Seneti: kanuni za Wamarekani mmezisoma au mnawaona kwenye TV tu?

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa juzi wa "Tanzania tunahitaji Seneti", ule umeshageuka uwanja wa matusi. Mimi nina hasira zangu za peke yake.

Nimesoma kurasa zote za ule uzi. Watu wazima na akili zao wanaandika kwamba dawa ya Bunge letu ni kuweka Bunge la juu kama la Marekani: wazee wenye busara, kila mkoa wawili, Zanzibar ipate ulinzi wake, miswada isipite kwa "ndiyooo" ya dakika mbili. Sawa. Sasa hao wazee wenye busara wa Washington mmewahi kuwafuatilia wanavyofanya kazi?

Mimi nimewafuatilia kwa sababu ugali wangu ulikuwa unapitia mikononi mwao. Nitafika huko.

Tuanze na hiyo "kila mkoa wawili". Seneti yao ina watu 100, wawili kwa kila jimbo katika majimbo 50. Wyoming ina watu hawafiki laki sita, Temeke yetu peke yake inaizidi mara mbili. California ina watu kama milioni 39. Wote wawili wawili. Kwa hapa kwetu maana yake Dar ya watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022 inalingana sauti na Katavi ya milioni moja na ushee. Ndugu zangu wa Mpanda msinichukie, ila mtu wa Mbagala anayelipa VAT kila anaponunua sabuni ana haki ya kuuliza kura yake imekwenda wapi.

Hilo angalau limo kwenye Katiba yao na wamelizoea. Kinachonipandisha presha ni kanuni.

Muswada wa kawaida kwenye Seneti unapita kwa kura za walio wengi, 51. Lakini ili mjadala ufungwe ndipo kura ipigwe, zinatakiwa 60. Yaani walio wachache 41 wakikaza, muswada haupigiwi kura kabisa, hata kama umeungwa mkono na Baraza la Wawakilishi lao zima na Rais ameshika kalamu anasubiri. Huu mchezo wanauita filibasta. Na wala haumo kwenye Katiba! Katiba yao inasema kila chumba cha Bunge kijitungie kanuni zake, basi. Kanuni ya kufunga mjadala wameiweka wenyewe mwaka 1917, wakati huo zikitakiwa theluthi mbili, mwaka 1975 wakashusha mpaka tatu ya tano. Ni kanuni za kudumu kama hizi za Dodoma. Waliozitunga ndio hao hao wanaosimama mbele ya kamera na kusema "tungependa sana kuwasaidia, ila kanuni haziruhusu".

Zamani angalau mzuiaji alitoka jasho. Mwaka 1957 Strom Thurmond alisimama akaongea saa 24 na dakika 18 kuzuia muswada wa haki za raia weusi. Alikuwa na ubaya wake na muswada ukapita hata hivyo, lakini nchi nzima ilimwona usoni ni nani na anazuia nini. Siku hizi hakuna kusimama. Tangu miaka ya 1970 inatosha upande mmoja kutoa taarifa kwamba hauafiki, muswada unawekwa pembeni, mzee anakwenda zake kula chakula cha mchana. Kuzuia sheria ya watu milioni mia tatu na ushee imekuwa kazi ya kutuma meseji.

Halafu njooni na ile hoja ya ule uzi kwamba "kanuni ngumu zinalinda wanyonge". Wakuu, kanuni hii inakaza pale wakubwa wanapotaka ikaze tu. Mwaka 2013 Democrats chini ya Harry Reid walikwama kuthibitisha majaji, wakaitoboa kwa walio wengi tu, isipokuwa Mahakama ya Juu. Mwaka 2017 Republicans chini ya Mitch McConnell wakamalizia na Mahakama ya Juu yenyewe. Mambo ya kodi na bajeti yana mlango wake wa pembeni wa kura 51, ndiyo maana Julai 2025 ule muswada mkubwa wa Trump ulipita 51 kwa 50, Makamu wa Rais akiamua. Lakini Januari 2022 ulipofika muswada wa kulinda haki ya kupiga kura, kanuni ikawa tukufu haiguswi: jaribio la kuilegeza lilianguka 48 kwa 52, wawili wa chama kile kile kilicholeta muswada wakiwa upande wa wasiotaka.

Sasa ugali wangu.

Nilikuwa mtu wa takwimu kwenye mradi wa afya uliofadhiliwa na Wamarekani, kituo kimoja huku Mbagala. Kazi yenyewe haikuwa na sifa: kuangalia nani hajaja kuchukua dawa, kumpigia, asipopokea nampa jina lake mhudumu wa jamii aende nyumbani. Mwishoni mwa Januari 2025 tukaambiwa simamisheni kila kitu. Vishkwambi vikakusanywa kwenye boksi la maji ya chupa, kila kimoja kimebandikwa plasta nyeupe yenye jina la aliyekuwa anakitumia. Daftari la waliopotea kliniki likabaki kwenye droo, nusu ya majina yana alama ya tiki, nusu hayana. Mama mmoja wa wahudumu wa jamii aliendelea kwenda Chamazi kwa nauli yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa na watu wake kule wasio na simu. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa.

Najua mtaniambia amri ilitoka kwa Rais tarehe 20 Januari, Seneti inahusikaje. Inahusika hivi: fedha zile zilikuwa zimeshapitishwa na Bunge lao, vyumba vyote viwili. Lile chumba tunaloambiwa ni la wazee walinzi wa utaratibu lilikaa kimya miezi, na lilipokuja kuamka mwezi Julai liliamka kuhalalisha. Muswada wa kufuta kama dola bilioni 9, sehemu kubwa ikiwa misaada ya nje, ulipita Seneti kwa kura 51 dhidi ya 48. Hamsini na moja! Zile 60 hazikuhitajika, maana sheria ya mwaka 1974 inasema muswada wa kufuta fedha una mjadala wenye muda maalum. Kutenga fedha kwa utaratibu wa kawaida unahitaji 60, kuzifuta 51 wanatosha. Niwe mkweli, dola milioni 400 za PEPFAR, mpango wao wa UKIMWI, ziliokolewa humo humo Seneti, wakaziondoa kwenye orodha ya kufutwa. Haya, ahsante. Na AGOA, sheria yao ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ambayo wadada wa viwanda vya nguo pale Mabibo wanaijua kwa jina kuliko wanavyomjua mbunge wao, ikaachwa ikaisha muda wake tarehe 30 Septemba 2025 wakati wazee wanajiandaa kugombania bajeti, serikali yao ikafungwa siku 43.

Tuje kwenye ukomo wa muda wa kukaa bungeni, maana hapa ndipo nchi zote mbili zinafanana.

Chuck Grassley wa Iowa kaingia Seneti Januari 1981. Wakati huo Mwalimu bado yupo Ikulu na sisi tunapanga foleni ya sukari. Kazaliwa 1933, mwaka 2022 kachaguliwa tena kwa miaka sita mingine. Robert Byrd aliingia 1959, Tanganyika haijapata uhuru, akatoka 2010 kwa kifo, ana miaka 92. Dianne Feinstein alifia kwenye kiti 2023 akiwa na miaka 90, na mwanzoni mwa mwaka huo aliumwa, hakuonekana zaidi ya miezi miwili, uthibitishaji wa majaji ukayumba kwa sababu kamati ilikuwa inaihitaji kura yake. Sisemi mzee hafai. Babu yangu ana akili kunishinda. Ila babu yangu hagombei.

Na msichanganye mafaili kama mlivyochanganya kule. Filibasta ni kanuni, wakiamua asubuhi moja wanaiondoa kwa walio wengi, walishafanya mara mbili kwa vipande. Ukomo ni Katiba. Majimbo 23 yalijaribu kuwawekea wabunge wao wa Washington ukomo, mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikatupa kwa majaji 5 kwa 4: hamuwezi, badilisheni Katiba. Kubadilisha Katiba kwa njia iliyozoeleka kunataka theluthi mbili ya vyumba vyote viwili, kisha majimbo 38. Mwaka huo huo Baraza la Wawakilishi likapiga kura: 227 waliafiki, theluthi mbili haikufika. Kwisha. Lakini ukomo wa Rais walipitisha chapchap baada ya Roosevelt kushinda mara nne, ukaanza kazi 1951. Kumfunga mwingine mikono hawakuona shida.

Inawakumbusha nini?

Sisi Rais ana vipindi viwili, ibara ya 40, tena tunajisifu nayo mbele ya majirani. Mbunge je? Mpaka achoke. Na tulikuwa nayo dawa mezani! Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba ilisema mbunge mwisho vipindi vitatu vya miaka mitano, na wananchi wawe na haki ya kumwondoa kabla ya muda akiboronga. Ilipendekeza hata Bunge dogo la Muungano la wabunge 75. Kisha rasimu ikapelekwa kwa nani? Bunge Maalum la 2014, ambalo wajumbe wake ni wabunge wote, wawakilishi wote wa Zanzibar, na wengine 201 wa kuteuliwa. Umempa mbuzi kisu aamue kama sikukuu ifanyike. Katiba Inayopendekezwa ikatoka Oktoba 2014, ukomo wa mbunge haumo, haki ya kumwondoa haimo. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo.

Tena wanaongeza. Mwaka 2017 mbunge wa Chemba wakati huo, Juma Nkamia, alitaka muda wa Bunge utoke miaka mitano uwe saba. Mwaka 2024 Kenya, ambao ndio wana Seneti mnayoitamani hapa jirani kabisa, seneta wa Nandi Samson Cherarkey akaja na muswada wa miaka saba vilevile. Wakenya walimjia juu mpaka ukafa. Sijui hii saba wanaipata wapi, labda kuna semina.

Kwa hiyo mnaponiletea chumba cha pili, nauliza kanuni zake atatunga nani, na ukomo wa wakaaji wake ataandika nani. Kama jibu ni "wao wenyewe", hapo mmeongeza posho, magari na king'ora cha pili barabara ya Dodoma.

NYONGEZA, baada ya kusoma komenti za mwanzo:

Aliyesema ukomo unaua uzoefu na kuwapa nguvu makatibu na washawishi wa makampuni: hiyo ni hoja ya kweli, siifuti. California waliweka ukomo mkali 1990, wakaulegeza 2012, sasa mtu anakaa jumla ya miaka 12 kwenye Bunge la jimbo. Mnaona? Wamejaribu, wakapima, wakarekebisha. Kumi na mbili kwa seneta wa Washington ni vipindi viwili vya miaka sita. Kumi na tano ya Warioba kwa mbunge wetu mimi nilikuwa naona ni ukarimu.

Aliyesema "wewe una uchungu wa kazi tu": ndiyo, ninao. Ulitaka nikasirike kwa niaba ya nani?

Aliyesema filibasta ndiyo imezuia Trump asifanye zaidi: inawezekana, na yeye mwenyewe wakati serikali imefungwa aliwataka maseneta wake waiondoe. Ndiyo maana sisemi waondoe kila kizuizi. Nasema mzuiaji asimame, aongee, aonekane, akichoka akae, kura ipigwe.

Na wewe chawa uliyeandika "Bunge letu limetulia, tuache kuiga": nakuomba kitu kimoja tu. Una watu Dodoma, umejisifia mwenyewe. Tuletee hapa taarifa za kamati za Bunge Maalum, zile kurasa za ibara ya ukomo wa mbunge. Nataka kuona nani alisema iondoke na alitoa sababu gani.