Mnyama wa kuitwa: pointi ziende kwenye meno au kwenye ngozi?

Mwitaji wa Njiro (Arusha)

Habari za jioni, wakuu. Kikundi chetu hukutana kila Jumapili hapa Njiro kucheza Pathfinder toleo la kwanza, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu. Mimi nacheza mwitaji, yaani mhusika anayemwita mnyama wa kichawi ampiganie, wa ngazi ya 5 kwa kanuni za mwaka 2010, si zile zilizorekebishwa mwaka 2015. Mnyama wangu ni wa miguu minne, na pointi zake zote 8 za mageuzi (za kumnunulia uwezo) nimeziweka kwenye mashambulizi: kucha, uwezo wa kurukia, nguvu, meno yanayofika mbali na nyongeza za madhara.

Tatizo huanza raundi ya pili. Jumapili iliyopita alilirukia zimwi, akalijeruhi vibaya bila kuliua, nalo likamjibu kwa pigo la meno na mawili ya kucha, yote yakampata. Nikaanza kutoa uhai wangu mwenyewe ili asirudishwe kwao, kwenye ulimwengu alikotoka, na mwisho tukaanguka wote wawili. Kizibo cha soda kinachomwakilisha kikaondolewa kwenye ramani, na kwa kuwa haruhusiwi kuitwa tena hadi siku inayofuata ndani ya mchezo, nilikaa saa nzima nikitazama wenzangu wakipigana. Naomba ushauri: nipunguze meno kiasi gani ili apate ngozi?

Fundi wa Dadu (Moshi)

Pole sana, ndugu. Kabla ya kugusa pointi, tupige hesabu. Tuseme mnyama wako ana kinga 19, yaani namba ambayo dadu ya adui pamoja na nyongeza yake lazima ifikie ili pigo liingie. Zimwi lenye nyongeza ya +8 linahitaji 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo nusu ya mapigo yake yanaingia. Ukinunua ngozi ngumu kwa pointi 1, kinga inapanda hadi 21 na mapigo yanayoingia yanashuka hadi asilimia 40, yaani umeokoa moja ya tano tu. Ukiweka juu yake uchawi wa deraya unaotoa +4, kinga inafika 25, zimwi linahitaji 17, na mapigo yanayoingia ni asilimia 20. Kila pointi ya kinga unayoongeza inapunguza sehemu kubwa zaidi ya madhara yaliyobaki kuliko ile iliyoitangulia, mpaka adui afikie kutegemea 20 peke yake.

Deraya hiyo haili hata pointi moja ya mageuzi. Ukiifanya mwenyewe itadumu saa 5. Kama hukujifunza uchawi huo, fimbo iliyohifadhi uchawi huo inauzwa vipande 750 vya dhahabu na ina matumizi 50 ya saa moja moja. Anzia hapo.

Mwendeshaji wa Sakina (Arusha)

Hesabu ya ndugu wa Moshi ni sahihi kwa mnyama aliyesimama, lakini huyu alirukia. Anayerukia anashambulia kwa kasi, na kanuni inampunguzia kinga 2 hadi zamu yake ijayo. Kwa hiyo zimwi lilikuwa linapiga kinga 17, si 19, na asilimia 60 ya mapigo ilikuwa inaingia. Akiwa na deraya pamoja na ngozi ngumu atakuwa na 23 hata baada ya kuruka, na hapo ni asilimia 30.

Hata hivyo, mimi ndiye ninayewachezesha maadui mezani kwetu, na nakusihi usiyaguse meno sana. Adui mwenye akili akiona mapigo mawili yamegonga mwamba, na mwamba wenyewe haumuumizi, hatapoteza la tatu. Atauzunguka na kumfuata mwitaji aliye nyuma. Mwizi hampigi mbwa anayebweka bila kung'ata, humpita tu akaingia ndani.

Jambo jingine, tangu ngazi ya 4 unapata +2 ya kinga ukiwa ndani ya eneo ambalo mnyama wako anaweza kulifikia kwa mapigo yake. Kila anaporuka mbali nawe, unaipoteza. Mwache adui aje kwenu.

Binti wa Rau (Moshi)

Kaka Mwitaji, naongeza moja tu kuhusu kutoa uhai. Mwitaji akizimia, mnyama anarudishwa kwao papo hapo, hata kama amebakiwa na uhai. Kwa hiyo ulipojimaliza kwa ajili yake uliwapoteza wote wawili. Mimi hujiwekea kikomo kabla ya pambano, nusu ya uhai wangu, na nikifika hapo namwacha aende, ingawa inaniuma kila mara.

Mwitaji wa Njiro (Arusha)

Asanteni sana. Ile 2 ya kuruka sikuwa nimeihesabu kabisa, na sasa naona kwa nini mapigo yote matatu yaliingia.

Pointi siwezi kuzihamisha hadi nipande ngazi, hivyo kwa sasa nanunua fimbo ya deraya. Nikifika ngazi ya 6 nitakuwa na pointi 9: ile mpya itaingia kwenye ngozi ngumu, na nitaondoa meno yanayofika mbali pamoja na nyongeza moja ya madhara ili nimwongezee ustahimilivu kwa pointi 2. Kucha, nguvu na kurukia vinabaki. Jumapili hii ataanza pambano akiwa kando yangu, na hataruka mpaka adui awe amebakiza pigo moja la kumwangusha.